Usiokote jiwe la Isimila: niliyoongea kwenye mkutano wa kijiji

Waliokosa mkutano waliniomba niandike nilichosema, basi nimeandika vilevile nilivyoongea, na pale watu walipodakia nimeweka. Msinisahihishe Kiswahili, nilikuwa naongea sikuwa nasoma.

Kamwene! Kamwene sana. Mwenyekiti, mtendaji wetu, mwalimu mkuu, wazee wangu mlioacha mashamba saa hizi mkaja kukaa kwenye jua, mama zangu, na nyie vijana wa bodaboda mliopaki pale pembeni mnajifanya mnasubiri abiria kumbe masikio yote yako huku, nawashukuru sana. Nimepewa dakika ishirini, mnanijua mimi na dakika, kwahiyo tuvumiliane tu.

Nimekuja na jambo moja. Tangu tuko wadogo tunaambiwa usiokote mawe kule korongoni Isimila. Kibao kinasema usiokote, mlinzi anasema usiokote, mwalimu anasema usiokote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa chini akatuambia kwanini. Sasa mtu mzima ukikatazwa kitu bila kupewa sababu unaona umedharauliwa, na ukiona umedharauliwa unaokota makusudi, tena unachagua lile kubwa. Mimi nimeenda chuo kikuu pale Mlimani, Dar, nikasomea mambo ya kale, na nadhani deni langu la kwanza kwenu ni hiyo sababu, mengine yote ya utalii na maendeleo yanafuata baadaye.

Haya. Pale Isimila, kilomita kama ishirini kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, palikuwa na ziwa. Sio bwawa kama hivi vya kunyweshea ng'ombe, ziwa dogo lakini ziwa, linajaa na kupungua kwa misimu, na kila maji yaliposhuka yaliacha tabaka la mchanga au la udongo mfinyanzi, juu yake jingine, juu yake jingine. Ukisimama ndani ya korongo ukaangalia ukuta wake unayaona hayo matabaka kwa macho, huhitaji digrii. Ziwa likaja kukauka na kufukiwa, baadaye sana kijito kikaanza kukata, mvua baada ya mvua, mpaka kikafukua kilichokuwa kimelala chini. Kilichokuwa kimelala ni mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, macho yake yalikuwa yametokeza juu ya kichwa kuliko hata ya hawa wa Ruaha, na zana za mawe nyingi mno.

(Kijana mmoja akadakia: "Sasa kaka, nani kasema ni zana? Mawe si yanapasuka yenyewe?")

Swali zuri sana na ndio nilikuwa nalisubiri. Mama zangu mnaopasua kokoto, inueni mikono. Ee, naona. Nyie ndio maprofesa wa leo, naongea kweli. Mnajua jiwe halipasuki ovyo. Ukiligonga katikati ya tumbo lake, nyundo inaruka na mkono unauma. Ukiligonga karibu na ukingo, pale ambapo kona imechongoka kidogo, kipande kinaruka chenyewe, chembamba, na kingo zake zinakata kidole. Si ndio? (Wakaitikia.) Basi mtu wa Isimila alijua hivyohivyo. Alichukua jiwe gumu la kugongea, akalipiga bonge la granaiti au kwazaiti pembeni likatoa kipande kikubwa, kisha kile kipande akakichonga upande huu, akakigeuza, akachonga upande wa pili, akageuza tena, anazunguka nacho ukingo wote mpaka kinatoka na ncha upande mmoja na upana wa kushika upande mwingine. Hilo ndilo wanaliita shoka la mkono, halina mpini, unalikamata hivi kiganjani. Na kuna jingine ambalo mbele halina ncha, lina makali mapana yaliyonyooka.

Sasa tofauti na jiwe lililopasuka lenyewe ni hii. Jiwe likigongwa na mtu, kwenye kile kipande kilichoruka, pale chini ya sehemu nyundo ilipotua, panabaki kinundu kidogo kilichovimba, na kwenye jiwe lenyewe, kwenye kovu kilipotoka, panabaki kishimo kinacholingana nacho. Kwenye jiwe la chembe ndogo unaona hata viwimbi vinatawanyika kutoka pale, kwenye granaiti inabidi uligeuzegeuze kwenye jua la jioni ndio uvione. Jiwe lililoporomoka mlimani linaweza kuwa na kovu moja, mawili, kwa bahati. Makovu kumi na tano yaliyopangana pande zote mbili yakifuata ukingo mmoja, hiyo sio bahati tena, huyo ni mtu alikuwa amekaa anafikiria. Alikuwa anaona umbo la mwisho kichwani kabla halijatokea. Mimi hapo ndipo huwa nachanganyikiwa kwa furaha, kwa sababu mashoka ya namna hii yamepatikana mpaka kule Turkana, Kenya, ya miaka milioni 1.76 iliyopita, na ya kwetu Isimila ni ya juzi tu ukilinganisha na hayo, lakini umbo ni lilelile. Zaidi ya miaka milioni moja watu wanatengeneza kitu kimoja, na sisi simu ya mwaka jana tunaiona imepitwa na wakati.

Mengine pale kwetu ni makubwa ajabu, yanazidi futi moja, na wataalamu bado wanabishana mtu alitaka nini na zana nzito hivyo. Nyie mna maoni? (Mama mmoja: "Labda alikuwa anajionyesha!" Watu wakacheka.) Mama, wapo maprofesa wameandika hivyohivyo, sikutanii.

Sasa nakuja kwenye sababu yenyewe, naomba hapa tulieni kidogo.

Thamani ya lile jiwe haiko kwenye jiwe. Ukiliweka sokoni pale mjini ni jiwe, hata kwa fundi wa kujenga msingi halifai maana ni dogo. Thamani yake iko pale lilipolala. Limelala kwenye tabaka lipi, karibu na nini, ncha inaangalia wapi, pembeni yake kuna vipande vidogo vilivyoruka wakati wa kuchonga au hakuna. Nitawapa mfano mmoja wa ubishi wa kweli kabisa uliopo kuhusu Isimila. Kuna sehemu zana zimejazana, nyingi mahali padogo. Mtu wa haraka atasema, ahaa, hapa palikuwa na kiwanda, watu walikaa wakachonga wakaziacha. Mwingine anasema hapana, kijito cha zamani kilizibeba na kuzirundika, kama mafuriko yanavyorundika magogo darajani. Nani mkweli? Jibu liko chini pale. Kama ni kiwanda, lazima kuwe na takataka zake, vile vipande vidogovidogo vilivyoruka wakati wa kuchonga, kwa sababu hakuna mtu anachonga bila kuchafua. Kama ni maji, vile vidogo vyepesi vitakuwa vimekwenda na maji zamani, vimebaki vizito tu, na vile virefu vitakuwa vimelala vikiangalia upande mmoja kufuata mkondo.

Mnaona sasa? Ukichukua lile moja zuri ukalipeleka nyumbani, umeondoka na jiwe lakini ule ushahidi wa kiwanda au maji umeuharibu, na haurudi. Ukilihamisha hata hatua kumi ukalipanga vizuri na wenzake ili mtalii apige picha, umeharibu vilevile. Na mtoto akiokota vile vipande vidogo kwa sababu ni vidogo "havina maana", kaharibu kuliko wewe uliyechukua kubwa. Hiyo ndio sababu. Mnaweza kuikubali au kuikataa lakini angalau sasa mmeambiwa.

Na hata hiyo historia ya kugundulika kwa Isimila ilianza kwa mtu kuokota. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, jina lake Maclennan, alipita hapa akaona mawe, akachukua baadhi akaenda nayo kwao, na huko ndiko watu wakashtuka. Baadaye, 1957 na 1958, akaja Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakina Maxine Kleindienst na Glen Cole wakachimba kitaalamu, kwa vipimo, kwa kuchora kila zana ilipo kabla haijanyanyuliwa. Sasa linganisheni. Zile za 1951 zilituambia tu kwamba "Isimila kuna kitu". Zile za 1957 ndizo zilizotuambia kitu gani. Jiwe ni lilelile, tofauti ni daftari.

Wazee mnaotingisha vichwa najua mnawaza nini, mnawaza wazungu na kubeba. Ni sawa kuwaza hivyo, sisi watu wa Iringa hatuhitaji kufundishwa kuhusu kitu kilichoondoka. Fuvu la Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, liliondoka na Wajerumani baada ya kifo chake 1898, likaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, na bado lilifika Kalenga 1954. Miaka hamsini na sita kwa kichwa cha mtu mwenye jina, mwenye ukoo, mwenye watoto wanaomlilia. Jiwe lisilo na jina likienda nani atalifuata? Kwahiyo mimi nikiona kijana wetu anamuuzia mgeni shoka la mkono pale barabarani kwa hela ya vocha naumia mara mbili, naumia kama msomi na naumia kama Mhehe.

Na sheria ipo, tusidanganyane. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni malikale, kuchimba bila kibali ni kosa, kuuza bila kibali ni kosa, na ukikikuta unatakiwa kutoa taarifa. Sitakaa sana hapo, sikuja kuwatisha, mtendaji yupo atawaeleza vizuri kuliko mimi.

Nihamie kwenye uongo. (Watu wakacheka.) Mnacheka kwa sababu mnajijua. Vijana wetu wanaowatembeza wageni, hasa hawa wasio rasmi wanaowadaka wageni kule barabarani, nawapenda sana, wamechangamka, Kiingereza wamejifunza wenyewe kwa kusikiliza, lakini jamani tunadanganya mno. Mmoja nilimfuata nyuma kimyakimya kama mgeni, hakunijua, nikamsikia anasema hapa waliishi majitu, ndio maana mashoka ni makubwa. Mgeni anaandika kwenye daftari! Mwingine anasema hawa ni mababu wa Wahehe kabisa. Mwingine anasema zana zina miaka elfu sitini, dakika kumi baadaye anasema milioni tatu, kutegemea na sura ya mgeni.

Tukae sawa. Pale Isimila haujapatikana mfupa wa binadamu hata mmoja. Tuna zana zao, tuna mabaki ya wanyama wa enzi zao, wenyewe hatunao. Kwahiyo urefu wao hatuusemi, sura yao hatuisemi, na kabila ndio kabisa, dola ya Wahehe imejengwa karne ya kumi na tisa na Munyigumba baba yake Mkwawa, huwezi kuivuta mpaka huko. Umri ndio tunaweza kuusema. Elfu sitini ni makadirio ya zamani. Baadaye walipima mifupa kwa urani. Inafanya kazi hivi: mfupa ukiwa ardhini unafyonza urani kutoka kwenye maji ya chini, ile urani ndani ya mfupa inaanza kugeuka polepole kuwa kitu kingine kinaitwa thori, kwa mwendo unaojulikana, kwahiyo ukipima maabara urani iliyobaki na thori iliyozaliwa unapata mfupa umelala muda gani. Wakapata miaka kama 260,000, na hiyo hesabu inaweza kupanda au kushuka kwa makumi ya maelfu ya miaka, sio ya kukata kwa wembe. Kile kipimo cha kaboni mnachokisikia kwenye taarifa hakifai hapa maana kinaishia kama miaka elfu hamsini, zaidi ya hapo hakioni.

Laki mbili na sitini elfu. Ukihesabu kizazi kimoja miaka ishirini na tano ni zaidi ya vizazi elfu kumi. Sasa kijana, una namba kama hiyo mfukoni, ya kweli, una korongo lenyewe, una zile nguzo za mchanga ambazo hata mimi niliyekulia hapa nikizikuta asubuhi nasimama. Majitu ya nini? Mgeni akirudi kwake akisoma akakuta umemdanganya kwenye majitu, hatakuamini hata kwenye nguzo aliyoiona kwa macho yake. Na kuna raha yake kumwambia mgeni "hili wataalamu bado wanabishana" kisha ukamuonyesha wanabishana nini, kiwanda au maji, ukamwachia vipande aviangalie mwenyewe, pale pale chini, bila kunyanyua. Nimejaribu na watalii wa kila aina, wa mikoba mgongoni na wa magari makubwa, hapo ndipo wanapoinama. Kwenye majitu hawainami, wanatabasamu tu.

Halafu zile nguzo. Ni udongo na mchanga ulioshikana, maji na upepo vimekula pembeni vikabakiza hizo. Ukipanda upigwe selfi unashuka na kipande chake. Ukikwaruza jina lako na la mpenzi wako, mvua za mwaka huu zitaondoka na jina na ganda lote lililolishika, na mapenzi yenyewe mnayajua. Basi, nimemaliza hapo.

Sasa mwenyekiti aliniambia nisikwepe swali la tunafaidika nini. Sikwepi. Hela ya kiingilio haiingii kwenye mfuko wa kijiji, inafuata mkondo wa serikali, na mimi sina mamlaka ya kubadilisha hilo kwa hotuba. Kuahidi ningeweza, wengi wameshapita hapa wakaahidi, sitaki kuwa mwingine. Ninachokiona mimi ni kwamba mgeni akitoka Dar anaenda Mbeya, au akitoka mjini anaenda Ruaha, Isimila anakaa saa moja na nusu, anatoka na kiu na njaa anapanda gari. Anakula mjini. Hapo katikati hatuna hata sehemu yenye kivuli, choo kisafi na chai ya maziwa. Hiyo haihitaji Wizara. Akina mama wa vikoba mnaweza kuianza kabla ya mvua. Na mwongoza wageni aliyesoma, mwenye kitambulisho, anayejua kinundu na kovu, huyo anaitwa na makampuni kwa jina lake, haendi kudaka mtu barabarani. Hilo nalo linaanzia kwenye kujua, linarudi kule kule.

Tena msidhani haya mambo yako Isimila peke yake ndani ya uzio. Nendeni Magubike, mkoa wetu huuhuu, kijiji kimekaa na pango la mwamba lipo pembeni ya nyumba za watu, mbuzi wanapita. Profesa Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, na timu yake wakiwemo Watanzania wamechimba pale kuanzia 2006, wakakuta chini zana za Zama za Kati za Mawe, juu yake za Zama za Mwisho, juu yake vitu vya watu wa Zama za Chuma, yaani ghorofa kabisa. Mlambalasi pia, pale alipozikwa Mkwawa, kuna mifupa ya watu wa Zama za Mawe za Mwisho. Kwahiyo wewe unayechimba choo nyuma ya nyumba, unayechimba msingi, unayechota udongo wa kufyatua matofali, usiseme "mimi siko Isimila". Ardhi haijui uzio.

Ukikutana na kitu, na utajua kwa sababu sasa unajua kinundu, acha hapohapo kilipo. Usikioshe. Mtu anaokota anakimbilia kuosha, anaona ni usafi, kumbe ule udongo ulioganda ndio unaosema kimetoka tabaka gani. Piga picha ya karibu ukiwa umeweka funguo au sarafu pembeni tuone ukubwa, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha shimo zima na mti au nyumba iliyo jirani. Kata majani funika. Mwambie mwenyekiti, mwenyekiti anajua pa kupeleka. Kama shimo la choo limeshindikana hapo sogeza hatua kadhaa, tutakuja kukusaidia kuchimba jingine, hilo naahidi mimi kama mimi, jembe ninalo.

Na kufunika sio aibu. Laetoli kule Ngorongoro zilipatikana nyayo za watu wa kale sana, miaka milioni 3.6, timu ya Mary Leakey ilizifukua 1978 na 1979, dunia nzima ikashangaa. Wakazifukia tena. Miti ikaota juu mizizi ikaanza kuzitishia, ikabidi miaka ya tisini serikali na wataalamu wa Getty, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, wazifukue, waitoe mizizi, wazifukie upya kwa ustadi zaidi. Kitu cha thamani hivyo, kinalindwa kwa kufukiwa. Sisi kwetu ni kinyume, mvua inafukua kila mwaka bila kutuuliza. Kila masika korongo linapanuka, zana zilizokuwa kwenye ukuta zinaangukia chini, zikishaanguka zimeshapoteza tabaka lake. Ng'ombe wakipita kwenye kingo wanaharakisha, kwahiyo wafugaji naomba tuongee pembeni kuhusu njia ya kwenda kunywesha, sitaki kulisemea hapa mbele za watu tukaanza kutajana.

Maswali? Karibu mzee.

(Mzee mmoja, kofia mkononi: "Mwanangu, mimi ninalo. Liko nyumbani, linazuia mlango. Alilileta marehemu baba, tukiwa wadogo. Kesho alfajiri nitakwenda kulirudisha kule korongoni, nilitupe nikaonekane nimetubu." Watu wakacheka sana.)

Mzee wangu, shikamoo tena. Usilitupe! Asante kwa kusema mbele za watu, maana humu ndani milango mingi imezuiwa na Isimila, macho yenu yanasema. Lakini ukilitupa korongoni unaharibu mara ya pili. Atakuja mtu wa kuchimba baada ya miaka arobaini alikute limelala pale, aandike kwamba lilikuwa pale, ajenge na hesabu juu yake, kumbe lilikuwa linazuia mlango wako. Jiwe lililorudishwa kimyakimya linadanganya kuliko lililoibiwa. Huyo mtu atanilaani mimi kaburini.

Tufanye hivi. Unakumbuka marehemu alilitoa upande gani?

("Nakumbuka. Ng'ambo ya kijito, chini ya ule ukuta mwekundu, palikuwa na mti, mti haupo.")

Basi hilo ndilo la muhimu kuliko jiwe lenyewe. Kesho saa mbili nakuja kwako na daftari, unanieleza naandika, tunakwenda wote unanionyesha ukuta, napiga picha na kuchukua alama za ramani kwenye simu. Kisha jiwe na karatasi yake tunavipeleka pamoja ofisini pale kituo cha Isimila, wanaandika limepokelewa kutoka kwa familia yako, tarehe, na maelezo ya mahali. Na wengine wenye mawe mlangoni, chini ya mitungi, juu ya mabati, hakuna atakayekamatwa, nimeshaongea na mtendaji, mtendaji umeinua kichwa, nimesema kweli? (Mtendaji: "Kweli.") Mmesikia wote. Leteni kwa mwalimu mkuu kuanzia Jumatatu, kila jiwe na mtu anayekumbuka lilitoka wapi, na kama hukumbuki sema hukumbuki, usibuni. Vijana mnaotaka kujifunza kutembeza wageni andikeni majina kwa mtendaji leo kabla hamjaondoka, tutaanza na watu wachache kwanza, mje na kofia na viatu vya kufunga, kandambili kule korongoni siruhusu.